Kaunta Buku Tulizozichoma

Mwaka 2012 nilitia sahihi karatasi iliyoruhusu kaunta buku za wodi yetu zichomwe moto. Nilikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mkoa huko pwani. Ukarabati ulikuwa unakaribia, na stoo ilihitajika kwa ajili ya vitanda vipya. Ndani ya kaunta buku zile mlikuwa na ratiba za zamu za tangu kabla sijaajiriwa: nani kaingia asubuhi, nani jioni, nani usiku, nani kabadilishana na nani kwa sababu ya harusi, nani kafiwa. Panya walikuwa wamekwisha kula pembe. Kijana wa usafi alizipakia kwenye toroli akazipeleka nyuma ya chumba cha kufulia, zikamwagiwa mafuta ya taa. Mimi nilirudi wodini moyo mweupe. Nimepata stoo.

Ilinichukua miaka sita kujua nilichokichoma.

Niliajiriwa mwaka 1981, nikiwa na miaka 22. Zamu zilikuwa tatu, na ile ya usiku tuliiita naiti, kama wauguzi wanavyoiita hadi leo. Ilianza saa mbili usiku ikaisha saa moja na nusu asubuhi, ukishakabidhi ripoti. Siku hizo uliingia naiti saba mfululizo, ukapewa ofu, kisha ukarudi zamu ya mchana kana kwamba mwili ni swichi. Wagonjwa walikuwa arobaini na zaidi, sisi wawili. Na usiku mwingine muuguzi mmoja na mhudumu.

Aliyefanya naiti anaijua saa tisa usiku. Saa sita bado una nguvu: unagawa dawa, unabadilisha dripu, unapiga soga kwa sauti ya chini. Ikifika saa tisa mwili unakukana. Baridi inakuingia hata kama ni Februari na wagonjwa wanalowesha shuka kwa jasho. Tumbo linachafuka. Macho yanasoma kadi ya dawa mara tatu na akili bado haijaipokea. Tulikunywa chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, tukala mihogo iliyolala, tukanawa uso kwa maji ya ndoo.

Mchana nao ulikuwa na vita vyake. Paa la bati, muuza samaki na honi yake, watoto wanaotoka shule, jirani anayetwanga. Usingizi wenyewe ulikuja vipande vipande, saa moja hapa, nusu saa pale. Wifi yangu mmoja aliwahi kuwaambia watu kwamba kaka yake kaoa bundi. Nilicheka na wenzangu, lakini neno lilinichoma, maana kweli nilikuwa mtu wa kulala watu wakiamka.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma juu ya saa ya mwili, niliona kwamba sisi Waswahili tumekuwa nayo ukutani siku zote. Hesabu yetu ya saa haianzi usiku wa manane. Inaanza jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kukamilika, saa kumi na mbili jioni jua linazama, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hesabu hiyo haiyumbi sana mwaka mzima. Mwili wa binadamu nao unalifuata jua. Ndani ya ubongo, karibu na pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachopokea habari za mwanga na kuzipangia saa sehemu nyingine za mwili. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo humwaga homoni iitwayo melatonini. Mwanga mkali ukiwaka, hupunguza. Karibu kila seli ina saa yake ndogo. Jeni zinazoendesha saa hizo ndizo zilizowapatia Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017, na walizichunguza ndani ya nzi wadogo wa matunda. Miongoni mwa mambo yanayofuata saa hizo ni lini seli igawanyike na lini irekebishe nyuzi zake za urithi zilizoharibika. Saa hizo zikivurugwa mwaka hata mwaka, ni haki mtu kuuliza nini kinatokea.

Mwaka 1987 mtafiti Mmarekani Richard Stevens aliuliza. Aliandika hoja kwamba matumizi ya umeme, pamoja na mwanga wa usiku, huenda yanachangia saratani ya matiti kwa kuvuruga melatonini. Mwaka huo mimi nilikuwa chini ya taa ya tyubu juu ya meza ya wauguzi, napambana na saa tisa. Miaka ya mgao wa umeme tulifanya kazi kwa chemli, na nikisoma leo kwamba mwanga hafifu hauibani melatonini kama mwanga mkali, najiuliza kama mgao ulitutendea hisani bila kukusudia. Lakini chemli haikutulaza.

Mwaka 2018 mwenzangu wa zamu, niliyeajiriwa naye mwezi mmoja, aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikuwa amestaafu miaka mitano. Nilimsindikiza hospitali ya rufaa. Dirishani karani aliuliza, "Kazi?" Akajibu, "Mstaafu." Karani akaandika Mstaafu, akatupa namba, tukaenda kukaa kwenye benchi.

"Shoga," akaniambia, "hivi si hizi naiti zetu?"

"Zimefanya nini?"

"Nimesikia redioni. Wanasema kazi ya usiku inaleta saratani."

Nikamjibu kama tunavyowajibu wagonjwa wenye hofu: "Achana na redio, we tulia." Akanitazama kitambo. Alikuwa muuguzi miaka 32. Alijua vizuri jibu la namna hiyo hutolewa lini na kwa nini.

Nilirudi nyumbani nimeona haya. Binti yangu, ambaye naye ni muuguzi, alinitafutia makala za utafiti kwenye simu, akanisomea na kunifafanulia Kiingereza pale kiliponizidi. Tulikaa nazo wiki kadhaa.

La kwanza lililonishangaza ni kwamba watafiti walikuwa wamewachunguza watu kama sisi hasa. Mwaka 1976 watafiti wa Boston walianza kuwaandikia kwa posta wauguzi wa Marekani. Wauguzi 121,700 walijiunga, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili waliulizwa: umeugua nini, unavuta sigara, umezaa mara ngapi. Mwaka 1988 likaongezwa swali fupi: kwa jumla, ni miaka mingapi umefanya zamu za kubadilika zenye angalau naiti tatu kwa mwezi? Muuguzi akaandika idadi, akairudisha posta. Mwaka 2001 Eva Schernhammer na wenzake wakatoa matokeo ya wauguzi 78,562 waliofuatiliwa kwa miaka 10. Kati yao 2,441 walikuwa wamepata saratani ya matiti. Waliofanya zamu hizo miaka 30 au zaidi, hatari yao ilizidi ya wale ambao hawakuzifanya kwa asilimia 36. Waliofanya chini ya hapo, ongezeko lilikuwa asilimia 8, dogo kiasi kwamba lingeweza kuwa bahati nasibu tu.

Nilipoiona 36 nilishtuka. Nilidhani ni wauguzi 36 katika kila 100. Binti yangu akachukua kunde jikoni akanipangia mezani. Tuchukue mfano tu, akasema: tuseme katika wanawake 1,000, thelathini wangepata saratani hata bila naiti. Ongezeko la asilimia 36 linawafikisha 41 hivi. Akaweka kunde 30, kisha akaongeza 11, kisha akazichanganya zote kwa kiganja. "Mama, sasa nioneshe zile 11."

Sikuweza. Hakuna daktari anayeweza. Uvimbe hautoki na muhuri unaosema umetokana na naiti, na ule mwingine umetokana na urithi, au pombe, au umri. Utafiti unaweza kusema kundi lina hatari zaidi, lakini hauwezi kumgeukia mwanamke mmoja benchini na kumwambia "ndiyo" au "hapana". Hilo ndilo jibu la kweli nililopaswa kumpa mwenzangu, nami nilimpa "tulia".

Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani kila muuguzi mzee angelifanya. Nikahesabu naiti zangu. Nilianza 1981. Kozi ya ukunga ilikuwa mwaka mmoja, au ulikuwa mwaka na nusu? Likizo za uzazi nne. Niliacha naiti nilipokabidhiwa usimamizi wa wodi. Ilikuwa 2010 au 2011? Nikihesabu hivi napata miaka 26, nikihesabu vile 29. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kuwa msimamizi, alisema yeye ana 30. Mumewe akasema 31, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa baiskeli. Najua hatari haipandi ngazi ghafla siku ya kutimiza miaka 30. Hata hivyo ilinitia uchungu kwamba wanawake wa Marekani wameijua namba yao, nasi hatuijui yetu. Mahali pekee palipokuwa na jibu ni zile kaunta buku.

Tuliendelea kusoma, na mambo hayakunyooka. Oktoba 2007 wataalamu walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Waliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la 2A, yaani yamkini inasababisha saratani. Nyama nyekundu na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 navyo vimewekwa humo baadaye. Watu huyasoma makundi hayo vibaya. Hayasemi kitu kina hatari kubwa kiasi gani; yanasema ushahidi una nguvu kiasi gani.

Mwaka 2016 Ruth Travis na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti 10 zenye wanawake wapatao milioni 1.4. Hawakuona ongezeko lolote la saratani ya matiti. Wengine wakajibu kwamba wengi wa wanawake wa Uingereza waliomo katika tafiti hizo waliulizwa wakiwa wamepita umri wa kustaafu, miaka mingi tangu waache kazi ya usiku. Mwaka uliofuata wauguzi wa Marekani wakasomwa upya. Katika kundi la wakongwe, lile la mwaka 1976, walipofuatiliwa muda mrefu hadi uzeeni, ongezeko halikuonekana tena. Katika kundi la vijana lililoanzishwa 1989, wale waliokuwa wametimiza miaka 20 au zaidi ya zamu za usiku wangali vijana walikuwa na hatari karibu maradufu, ingawa wenyewe walikuwa wachache. Mwaka 2019 kamati mpya ilikutana Lyon, ikasoma yote, ikaiacha kazi ya usiku palepale 2A, safari hii ikitaja pia saratani ya tezi dume na ya utumbo mpana.

Nilihisi kama nimesikiliza mashahidi wa kesi ya shamba, wote wakweli, kila mmoja kasimama upande wake wa mpaka. Lakini nilipotazama vizuri niliona kwamba sehemu kubwa ya mabishano inatoka mahali pamoja. Baadhi ya tafiti ziliuliza tu: umewahi kufanya kazi usiku, ndiyo au hapana? Swali hilo linawaweka kapu moja msichana aliyefanya naiti miezi miwili na mwenzangu wa miaka 30. Naiti ngapi mfululizo? Ulizianza ukiwa na umri gani? Ziliisha lini? Kama hakuna aliyeandika, mtafiti atabaki kukisia, na hatari ya kweli inaweza kuzama ndani ya makisio hayo, au ya uongo ikaibuka.

Hapo ndipo nilipokumbuka mstari wa "Kazi" kwenye jalada la mgonjwa. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawasihi madaktari waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Ndiye aliyeandika kwamba saratani ya matiti ilikuwa nyingi kwa watawa wa kike. Mwaka 1775 Percivall Pott wa London akaeleza saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafisha dohani, waliopanda ndani ya masizi tangu wakiwa watoto. Hakuna kati yao aliyekuwa na vipimo vya kisasa. Waliuliza kazi, wakaandika jibu.

Sisi mstari tulikuwa nao, umechapwa tayari, na mimi niliujaza maelfu ya mara. Mwanamke akija amejifunga kitenge, niliandika Mkulima kabla hajafungua kinywa. Mwanamume mwenye viatu vizuri niliandika Biashara. Ndani ya Biashara nilimzika kijana wa kituo cha mafuta anayevuta mvuke wenye benzini, fundi wa kuchomelea, seremala anayekula vumbi la mbao, makanika anayepumua moshi wa dizeli. Benzini, moshi wa kuchomelea, vumbi la mbao na moshi wa dizeli, vyote vinne leo viko kundi la kwanza huko Lyon, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya Mkulima nilimzika mlinzi wa usiku mwenye shamba la mihogo. Kwa hiyo karani aliyeandika Mstaafu simlaumu. Mimi na yeye tumesoma chuo kimoja.

Kukosa maandishi kuna gharama. Denmark, mwaka 2009, ilijulikana kwamba wanawake wapatao 40 waliopata saratani ya matiti baada ya miaka mingi ya kazi ya usiku walilipwa fidia. Waliweza kueleza walifanya kazi usiku kwa miaka mingapi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba kila saa ya usiku huo ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inamlinda pia mjamzito asipangiwe usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Tangu 2015 tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sisemi mfuko utamlipa nani kwa ajili ya nini. Nasema mfuko wowote, popote duniani, utaanza kwa kusema: lete uthibitisho.

Siandiki ili wauguzi wakatae naiti. Ugonjwa haujui kufunga duka saa kumi na mbili jioni, na mwanamke anayejifungua saa tisa usiku anastahili mtu aliye macho. Wala siandiki ili mtu alale na hofu. Hatari, kama ipo, kwa mtu mmoja mmoja si kubwa, na yapo mambo yaliyothibitishwa zaidi ambayo muuguzi anayamudu: kupunguza pombe, kutoruhusu uzito kupanda, kunyonyesha, kwenda kupimwa matiti mapema badala ya kujitibu kwa kudharau, kama tunavyopenda kufanya sisi tunaotibu wengine. Kwa msimamizi anayepanga zamu, yapo yaliyo mikononi mwake: naiti mbili au tatu badala ya saba, zamu zisogee kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku, si kinyumenyume, ofu ya kulala iwe ya kulala, isigeuzwe mkutano. Nilipanga zamu karibu miaka minane na sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilinakili ratiba kama nilivyoikuta.

Binti yangu ana daftari dogo kwenye mkoba wa kazi. Kila naiti anaandika tarehe, wodi, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Anasema inachukua muda mfupi kuliko kuchanganya sukari kwenye chai. Ana miaka tisa kazini na namba yake anaijua.

Mwenzangu alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, na yuko hai. Juzi kaniletea maembe. Kliniki wakimwuliza kazi hasemi tena mstaafu. Anasema: "Muuguzi. Naiti miaka 30." Karani mmoja alimwambia nafasi haitoshi kuandika yote hayo. Akamwambia, "Mwanangu, geuza karatasi, andika nyuma."

Wewe unayeingia naiti leo, uwe muuguzi, mlinzi, dereva wa lori au mtu wa kiwandani, nunua daftari. Wewe unayejaza jalada la mgonjwa, uliza kazi na usubiri jibu. Na wewe msimamizi mwenye kalamu mkononi, unayehitaji stoo kwa ajili ya vitanda vipya, tafuta stoo nyingine.